Shangazi, shairi la marehemu nimelitia muziki, sasa sijui ruhusa naomba kwa nani

Shikamoo Shangazi,

Mi ni binti wa miaka 26, naishi Mikindani, kazi yangu kuimba. Tuna kabendi ketu ka watu watano, tunapiga kwenye maharusi na wikiendi zingine tunaitwa hoteli za kule Shangani, hela si nyingi ila tunakula. Nakuandikia kwasababu nina jambo linaninyima usingizi na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Mwaka jana bibi yangu alivofariki tulikuwa tunapanga vitu vyake, kwenye kasha lake chini kabisa ya kanga nikakuta kipande cha gazeti kimekatwa kwa mkasi na kubandikwa kwenye jalada la daftari, kimekuwa cha njano hadi unaogopa kukishika. Ni shairi, yale ya kurasa za washairi kwenye magazeti ya zamani. Tarehe imekatwa. Beti saba. Baba anamuaga binti yake siku ya kuolewa, anamwambia huko uendako ukipendwa nawe penda, ukichoka usione aibu kurudi, na kila beti inaisha na mstari uleule:

Nenda mwanangu na heri, mlango sijaufunga.

Shangazi nililia palepale juu ya jamvi. Baba yangu alikufa nikiwa darasa la tano, hakuna mtu wa kuniambia maneno hayo siku yangu ikifika. Ile wiki ya matanga tuni ikanijia yenyewe, nikawa naiimba kwa mdomo nikiosha vyombo, nilivorudi kwa wenzangu mpiga kinanda akaitafutia sauti za kinanda na ikawa wimbo. Nikauimba kwenye harusi moja Chikongola, baba wa bibi harusi akavua kofia akajifunika nayo uso. Mgeni mmoja akarekodi kwa simu akaposti TikTok. Toka siku hiyo simu haipumziki, watu wanataka "ule wimbo wa mlango".

Sasa kuna prodyuza anataka tuurekodi haraka kabla ya msimu wa korosho maana watu wakishauza ndo maharusi yanafuatana. Ila anataka mabadiliko. Anasema wimbo wa baba na binti hauuzi, tuugeuze wa mapenzi, kwahiyo pale kwenye "mwanangu" niweke "kipenzi". Nikajaribu, mizani haijapungua hata moja. Na anataka nikate beti ya tatu na ya mwisho. Ya mwisho nilikuwa nishaiacha mwenyewe toka mwanzo kwasababu mtunzi anajitaja humo, "Mwalimu wa Kitangari, ndiye mimi nimetunga", nikaona kuimba hivo harusini haina maana. Kuhusu mwenye shairi anasema andika jina lako, mzee keshakufa, nani atajua, tena ukibadili maneno matano linakuwa lako.

Roho ikakataa. Nikauliza uliza, nikapata kwamba mwalimu huyo kweli alikuwepo, alikuwa anafundisha kule Newala, kafariki 2009. Hapo ndo matatizo yakaanza. Mpwa wake ndo anakaa na madaftari yake yote ya mashairi, yeye anasema sisi Wamakonde mali ya mjomba inajulikana iko kwa nani, nimpe laki mbili niendelee. Mtoto wa kiume wa marehemu yuko Dar, kaiona ile klipu, kanipigia kwa ukali anataka milioni 3 taslimu au nikutane na mwanasheria wake. Mtu mwingine kaniambia wote hao waongo, haki ni ya gazeti. Mpiga gitaa wetu anasema shairi la miaka ya 80 ni la zamani, ni la wote, tukimtaja jina inatosha. Na mama yangu anasema achana nalo, chukua tu wimbo wa ngoma za unyago huo hauna mwenyewe.

Nimesikia pia yule binti aliyeandikiwa shairi lenyewe yupo, ni mama mtu mzima sasa anauza vitenge Tandahimba, ila sijamtafuta, ntamwambia nini.

Sitaki kumdhulumu mtu Shangazi. Na sitaki wimbo ufe. Nifanyeje?

Mwimbaji wa Mikindani

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole ya bibi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilisimama pale kwenye "kipenzi" nikaiweka simu chini kwanza. Nitakuja hapo. Mi nimefanya ukarani wa mahakama miaka mingi huku Lindi, mafaili ya mirathi nimeyabeba mpaka mgongo, kwahiyo mengine nakwambia kwa kuyaona na mengine nakwambia kwa sheria ilivyo.

Tuanze na hao wanaokwambia shairi ni la wote. Si kweli. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, na shairi limo humo sawasawa na kitabu au wimbo. Haki inaanza siku mtu anapoandika, haingojei kusajiliwa wala muhuri. Na inaishi umri wote wa mtunzi halafu miaka 50 baada ya kufa kwake. Sikiliza vizuri hapo, haihesabiwi toka gazeti lilipotoka, inahesabiwa toka kifo. Mwalimu kafariki 2009, ongeza 50, ni mpaka 2059, wewe utakuwa bibi. Ungekuwa umeokota shairi la Shaaban Robert ningekujibu vingine, yule alifariki 1962, kwa sheria yetu miaka 50 ilitimia 2012, unaweza ukamtia muziki bila kumwomba mtu hapa nchini (japo kuna nchi kama Uingereza wao ni miaka 70, na wimbo ukishaingia mtandaoni hauna mpaka wa Ruvuma). Lakini huyu wako bado yumo ndani ya muda, tena ndani sana.

Na hili la kubadili maneno matano sijui nani alilileta, limezunguka mpaka watu wanaliamini kama aya. Hakuna idadi ya maneno. Ukilichukua shairi la mtu ukaligeuza kidogo, unakuwa umelitohoa, na kutohoa nako ni haki ya mwenye shairi, kwahiyo umejiongezea deni badala ya kulipunguza. Kumtaja jina vilevile hakutoshi. Kumtaja ni wajibu, ruhusa ni kitu kingine, viwili hivyo vinatakiwa vyote. Ni kama uingie shamba la mikorosho la mtu uokote, halafu ukifika mnadani utangaze kwa sauti hizi ni za mzee fulani. Umesema kweli, ila bado umeokota.

Gazeti liache. Msomaji aliyekuwa anapeleka shairi lake kwa posta hakuwa mwajiriwa wa gazeti, alikuwa anawapa walichape, basi. Haki haihami kwa kuchapwa, inahama kwa maandishi yenye saini, na kama hakuna karatasi hiyo basi haki ilibaki kwa Mwalimu mpaka anakufa.

Sasa ubeti wa mwisho.

Mwanangu, mimi nimekulia kwenye kijiji ambacho gazeti lilikuwa moja, linafika limechelewa siku tatu, na aliyejua kusoma anakaa kwenye kigoda chini ya mwembe anasoma ukurasa wa mashairi kwa sauti ya kughani, wazee wametulia. Unajua walikuwa wanangoja nini? Walikuwa wanangoja kaditama. Ule ubeti ambao mtunzi anaweka kalamu chini na kujitaja, mimi ni fulani, natoka mahali fulani. Hapo ndo mtu anasema "aaa, kumbe huyu", wengine wanacheka, wengine wanaapa wiki ijayo watamjibu. Ile ndiyo ilikuwa saini yake. Watu wale hawakuwa na kava ya santuri wala picha, jina lao lilikaa ndani ya shairi lenyewe ili likisomwa Kilwa au Songea liende nalo. Halafu angalia alivyolifunga, "Kitangari" vina vya kati vinaitikia "heri", na "nimetunga" inaitikia "sijaufunga". Alilisuka jina lake kwa uzi uleule aliosukia shairi zima. Wewe ukaliacha kwasababu harusini haina maana. Sikulaumu, hukujua, lakini sasa unajua.

Na sheria inakubaliana na wale wazee. Ukiacha haki za pesa, mtunzi ana haki mbili zinazohusu heshima yake, ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake, na ya kukataa kazi yake isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Akifa hazizikwi naye, walio nyuma yake wanazishika.

Ndo maana nikasimama kwenye "kipenzi". Mizani haikupungua, sawa, nane kwa nane, masikio hayajui. Lakini umemchukua baba anayemuaga mtoto wake mlangoni, ukampa maneno yake mwanaume anayeachana na mwanamke. Yule binti wa Tandahimba siku moja atakuwa kwenye daladala, atasikia maneno aliyoandikiwa na baba yake siku anaondoka nyumbani yakiimbwa kama ya hawara. Fikiria hilo kabla hujamjibu prodyuza. Hata familia ikikupa ruhusa ya kila kitu, hilo mimi ningekuomba usiliguse. Tena ukiniuliza kwanini wimbo umependwa, umependwa kwasababu ni wa baba na binti, yule mzee wa Chikongola hakufunika uso kwa ajili ya mapenzi ya kijana. Kama anataka wa mapenzi atunge wa kwake.

Haya, nani mwenye haki.

Mpwa ana madaftari. Madaftari ni karatasi. Mtu anaweza kumiliki daftari na asimiliki shairi lililomo, kama ambavyo bibi yako alimiliki kile kipande cha gazeti miaka yote na hakuwa na haki ya kuliuza. Mila yetu ya ujombani, mpwa kurithi kwa mjomba, naijua, mimi ni Mmwera tunafanana na nyie kwa hilo, na siisemi vibaya, inawezekana kabisa kwenye kikao cha ukoo mpwa akaonekana ana fungu. Ila fungu linasemwa na kikao na mahakama, halisemwi na aliyeshika ufunguo wa sanduku. Laki mbili usimpe. Ukimpa na kesho mwenye haki akitokea, utalipa tena na yule hatakurudishia.

Mtoto wa Dar naye ukali wake si cheti. Mwulize kwa adabu kabisa, "kaka, nani msimamizi wa mirathi ya mzee?" Swali hilo moja linapoza simu nyingi. Haki ya shairi ni mali ya marehemu kama nyumba na mikorosho ilivyo, inapita kwa warithi, na anayeweza kusaini kwa niaba yao ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, ana karatasi yake, huku wengi wanaiita fomu namba 4 ya mahakama ya mwanzo. Akiwa nayo omba kopi, angalia jina la marehemu, angalia muhuri, hapo unaongea na mtu sahihi. Asipokuwa nayo basi hata milioni 3 hana wa kumpokelea.

Na nakwambia kabisa, kwa ninavyojua mafaili ya huku, uwezekano ni mkubwa mirathi haijawahi kufunguliwa. Mwalimu mstaafu, nyumba ya familia, hakuna aliyeona haja. Wataitisha kikao cha ukoo, waandike muhtasari wamchague mtu, waende na cheti cha kifo mahakamani. Inachukua muda na huwezi kuwalazimisha. Kuna watu watakuambia chukua saini za watoto wote wakubwa mbele ya mashahidi mwendelee, na ni kweli ni bora kuliko saini ya mmoja, mimi nimeona familia zikielewana hivo bila ugomvi. Lakini nguvu yake si ile ya msimamizi, akitokea mrithi mmoja mliyemsahau, wa mke mwingine labda, karatasi inayumba. Kwahiyo ukiweza, gharama za kufungua mirathi wasaidie wewe kidogo. Hela ambayo ungempa mpwa itumike hapo.

Ukimpata wa kuongea naye, peleka ombi la maandishi. "Ndiyo" ya mdomo kwenye matanga haisaidii mtu, na sheria yenyewe inataka leseni iwe kwa maandishi. Usiogope kuandika, si lazima kizungu wala maneno ya kutisha. Fanya kama hivi:

"Kwa familia ya marehemu Mwalimu (jina). YAH: OMBI LA KUTIA MUZIKI SHAIRI LA MAREHEMU. Mimi (jina), mwimbaji, wa Mikindani, Mtwara, naomba ruhusa ya kulitia muziki na kuliimba shairi lenye kibwagizo 'Nenda mwanangu na heri, mlango sijaufunga', lililochapwa gazetini. Kopi nimeambatanisha. Nakusudia kulirekodi rekodi moja tu, kuliimba mbele ya watu na kulisambaza mtandaoni. Maneno nitayaacha kama yalivyo isipokuwa (taja). Jina la marehemu litaandikwa kila mahali wimbo utakapotokea. Nakiri kwamba nimeshauimba kwenye sherehe kabla ya kuomba, na kwa hilo naomba radhi."

Hiyo sentensi ya mwisho usiifute. Kuimba mbele ya watu kwa malipo nako kulihitaji ruhusa, ulikuwa hujui, sema. Familia nyingi zinakasirika kwa kuona wamefichwa kuliko kwa kukosa hela.

Wakikubali, ombi si mkataba, andikeni makubaliano. Mimi ningependa yawe membamba, maana watu wa studio wanapenda neno "haki zote" na neno hilo ukimpelekea mama wa watu asaini unamnyang'anya hata asichokijua. Wewe unahitaji ruhusa ya wimbo mmoja, rekodi moja, kuimba jukwaani na mtandaoni, miaka labda 10, na wao wabaki huru kumpa mtu mwingine shairi hilohilo akitaka kulifanyia kasida au kulichapa kitabuni. Filamu au tangazo la biashara vikija mnarudi kuongea upya. Wekeni na muda, kama miaka miwili itapita hujarekodi, ruhusa inakufa yenyewe, hilo linawapa imani kwamba hukulifungia shairi kabatini. Mabadiliko yatajwe moja moja, kama unakata ubeti wa tatu iandikwe "ubeti wa tatu". Na jina liandikwe namna gani: Maneno, marehemu Mwalimu fulani. Muziki, wewe.

Maana muziki ni wako mwanangu, hilo usilisahau katika kuogopa. Tuni iliyokujia ukiosha vyombo ni kazi yako, ina hakimiliki yake, na uimbaji wako na rekodi ya studio vina hakishiriki zake, yaani haki za anayeimba na anayerekodi, kila kimoja na mwenyewe. Kwahiyo kwenye hela usikubali kwamba kila kitu ni cha familia, wala usikubali prodyuza aseme kila kitu ni cha studio. Milioni 3 taslimu kwa bendi ya maharusi ni kukuua tu. Mi ningewaambia hivi, nina kidogo cha kuanzia, hiki hapa, na kitakachoingia kama mapato ya utunzi tugawane nusu kwa nusu, nusu maneno nusu muziki, na kila miezi sita nawaletea hesabu niwaonyeshe kilichoingia. Halafu fanya kweli. Hesabu ikikosekana mara mbili hata ndugu wa damu wanapelekana mahakamani, nimewaona.

Mkishasaini mbele ya wakili au hakimu, kila upande ukabaki na nakala, sajilini wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, kwa majina yote mawili ili ibaki kumbukumbu kwamba wimbo ni wa nyumba zote mbili. Siku hizi usajili unafanyika kwa mtandao, ukikwama nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri, ndo kazi yake. Ile sehemu ya kupandisha wimbo mtandaoni, utaona wanakuuliza kama una haki zote za hicho unachopandisha. Wengi wanabonyeza tu. Wewe utabonyeza ukiwa na karatasi. Na kabla ya hapo prodyuza asubiri, msimu wa korosho upo kila mwaka. Yule mgeni wa TikTok mwombe kwa upole aiondoe ile klipu, akikataa si kosa lako, ila wewe usiisambaze tena.

La mama yako kuhusu ngoma za unyago nalijibu kwa kifupi, na umwambie nimemsalimia. Hazina mtunzi mmoja lakini hazijaachwa uwanjani. Sheria hiyohiyo inalinda sanaa za jadi, ukizitumia kibiashara nje ya mila zake ruhusa inaombwa Baraza la Sanaa, BASATA. Na za unyago zingine kuna wenyewe wanaokujua mpaka kwenu, hizo mi sizigusi.

Je, wakikataa? Wanaweza, na ni haki yao, hata bila kutoa sababu. Kuna mtunzi wa kwaya wa Marekani, Eric Whitacre, alitia muziki shairi la Robert Frost akamaliza kabisa, halafu wenye haki wakamkatalia. Shairi lile la mwaka 1923 kwa sheria yao lilikuja kuwa huru 2019 tu. Hakuutupa muziki. Alimwendea rafiki yake mshairi, Charles Anthony Silvestri, akamwandikia maneno mapya kabisa yanayokaa kwenye muziki uleule, na kwaya zinauimba mpaka leo dunia nzima. Wewe kwako ni rahisi kuliko kwake, maana bahari za ushairi na mizani hazina hakimiliki, nane kwa nane ni ya kila Mswahili, na hata wazo la mzazi kumuaga binti halina mwenyewe. Washairi Mtwara na Lindi wapo, wengine wanakaa kahawani kila jioni wakijibizana. Mpe mmoja tuni yako, mwambie andika ya kwako, usimwonyeshe lile la Mwalimu asije akaliiga bila kujua. Utalia, najua, kwasababu maneno ya kwenye kasha la bibi ndo uliyoyapenda. Lakini tuni yako itaishi.

Ila mimi sioni kwanini wakatae, kama utaanzia panapotakiwa. Umeandika mambo mengi kuhusu mpwa na kaka wa Dar, na yule mama wa vitenge ukamweka mwishoni mstari mmoja, "ntamwambia nini". Mwanangu huyo ni mrithi kama kaka yake, na katika wote hao ndiye pekee ambaye shairi liliandikwa kwa ajili yake. Inawezekana hana hata nakala. Panda basi la asubuhi la Newala, linapita Nanyamba, unashuka Tandahimba, uliza vitenge sokoni utaonyeshwa. Chukua kile kipande cha gazeti ukifunge kwenye nailoni kisilowe, na upige kopi moja kwa ajili yake abaki nayo. Ombi la maandishi liwe kwenye pochi, usianze nalo. Msalimie, mpe pole ya baba hata kama ni miaka mingi, mwambie ulikuta wapi haya maneno na bibi yako aliyatunzaje. Kisha akikuruhusu mwimbie, palepale kwenye vitambaa vyake, bila kinanda, beti zote saba, "mwanangu" ikiwa "mwanangu", na ile ya Kitangari usiiruke.

Shangazi, Lindi